Nyasi za Wawrzek Juu ya Theluji

Wawrzek, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, alikuwa mjane mwenye kondoo, nyumba ya magogo na mwana mmoja, Florek, aliyekwenda Chikago kupaka rangi nyumba za watu akaisahau njia ya kurudi. Kila Jumapili Wawrzek alimpigia simu, na kila Jumapili jibu lilikuwa lile lile: "Nirudi kufanya nini, Baba? Kunusa kondoo?"

Ndipo ikaja habari kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu wa dunia nzima watashindana mbio za theluji milimani kwetu, na njia yao itapita malishoni kwa Wawrzek. Florek akabadilika sauti. "Mashindano yakifanyika hapo, Baba, nakuja. Tutafungua nyumba ya wageni. Haki ya Mungu."

Wawrzek akawa kijana. Alinyoa hata masikio.

Wageni wakiwa karibu kufika, halny ukaanza. Huo ni upepo wetu wa kusini, wa vuguvugu, unaoyeyusha theluji na akili za watu. Wa mwaka ule ulimbeba jogoo wangu mpaka Slovakia. Alirudi kwa miguu, anawika Kislovakia.

Sasa, sisi tangu zamani huhifadhi theluji ya kupozea maziwa kwa kuifunika nyasi kavu. Wawrzek akafungua ghala, akaanza kutandaza mlimani chakula chote cha kondoo wake.

"We Wawrzek, umerogwa?" nikamfokea. "Kondoo watakula nini, Salamu Maria?"

"Florek atanunua nyingine, Bibi Bronka. Shika reki, acha mdomo."

"Mdomo wenyewe una meno mawili, unakuuma nini?"

Nikashika reki. Kijiji kizima tukashika. Hakuna aliyekumbuka kwamba theluji ya maziwa hukaa shimoni, na shimoni hakuna upepo.

Adhuhuri halny uliteremka kama fahali. Nyasi zikapaa zote, mbingu ikawa ya manjano, na chini mlima ukabaki matope matupu. Wakubwa wa mashindano wakaja na viatu vya mpira, wakatazama, wakahamishia mbio bonde jingine lenye theluji.

Jumapili nilikuwa jikoni kwa Wawrzek alipompigia Florek simu na kumweleza yote.

"Basi, Baba, uza hao kondoo kabla hawajafa njaa," Florek alisema. "Mimi huku nimeshazoea."

"Njoo basi hata Pasaka, mwanangu."

"Tutaona, Baba."

Kondoo walichukuliwa na mchinjaji. Wawrzek akaacha kuwasha jiko, akaacha kunyoa. Nilimpelekea supu ya kabichi chachu, nikamkuta amekaa na koti lake mwilini, anatazama simu.

"Bibi Bronka," akasema, "nidanganye. Sema anakuja."

Nikamwekea kijiko mkononi, nikamwambia ale, supu inapoa. Hakukishika.