Aliyeomba Radhi Mbele ya Amerika Nzima

Katika hoteli moja ya Garsen, kwenye televisheni, Mmarekani alikuwa akimlilia mkewe amsamehe huku ukumbi mzima ukimtazama. Mwenye hoteli alitutafsiria. Tulicheka sote, isipokuwa mkulima mmoja aliyekuwa akingoja kwa siku ya tatu wazee waje wamsemee kwa wakwe zake kijijini Ngao, ili mkewe arudi.

"Huyu hana wazee?" akauliza.

"Hana, mjomba," mwenye hoteli akamjibu. "Anajisemea mwenyewe, na Amerika nzima inasikia."

"Machozi yote hayo, na bado anasema!"

Akaacha chai yake, akavaa kofia, akaulizia gari la Ngao.

"Na wazee wakija?" tukamwuliza.

"Waambieni nimetangulia."

Nimesoma vitabu vingi vinavyosema kisanduku hicho kimewavunjia Wamarekani nyumba zao. Huenda ni kweli. Mimi nilisimama, nikampisha mlangoni.