Tumemzika Baba, mtandao ukakata upande wetu

Tuliogopa mtandao wa Karibiani. Kumbe wa kuogopa ulikuwa wa kwetu Kakese, kule makaburini.

Leo tumemzika Baba.

Dada yangu Neema yuko likizo na mume wake, kisiwani huko Karibiani. Ndege ya kumfikisha kwa wakati haikupatikana. Akanunua eSIM, ile laini isiyo na kadi, akajiunga bando kubwa ili aone mazishi kwa video.

Nyie, alikuwa anaonekana hadi machozi.

Jeneza linashushwa, picha ikaganda. Halafu simu ikakata. Kwake mtandao safi, kwetu hakuna hata kidogo.

Hapohapo katekista akaita watoto wa marehemu waweke udongo.

Mama akaichukua simu mkononi mwangu. Akainama, akachota udongo, akaielekeza simu kaburini.

"Neema, huu ni wa kwako. Nakuwekea mimi. Usijilaumu, mwanangu."

Mimi naiona skrini nyeusi.

Nilishindwa kumwambia. Hivi nyie mngeweza?

Tumefika nyumbani Nsemulwa, simu ikaita. Neema analia. "Sikuona kitu! Udongo wangu aliweka nani?"

Nikampa Mama simu, huku natafuta maneno ya kumwelezea kilichotokea.

Mama wala hakushtuka.

"Nilijua imekata," akamwambia. "Nilikuwa nasema ili baba yako asikie kwamba na wewe ulikuwepo."