Kidude cha Shingoni cha Bi Mwanakombo

Fadhili ana kibanda Chikongola, anatengeneza redio na spika za harusi, na ukimsifia kazi yake anakutazama kama unamdhihaki. Mimi ni karani wa ofisi ya mtaa wetu, pembezoni mwa Likombe. Nimemjua miaka tisa, na sijawahi kumwona akibabaika ila asubuhi moja ya Julai mwaka jana.

Jambo lenyewe lilikuwa makaburi. Barabara ilitakiwa kupita penye makaburi ya zamani, na waliozika pale walipaswa kusema kama wanakubali yahamishwe. Wengi ni wazee, masikio yamechoka. Katika mkutano wa kwanza afisa wa barabara aliuliza, wazee wakatikisa vichwa kukubali, naye akaandika. Bi Mwanakombo, mama yake Fadhili, aliporudi nyumbani aliulizwa wameambiwa nini. Akasema, "Wametuuliza habari za afya zetu." Bahati akidi haikuwa imetimia, mkutano ukaitishwa upya.

"Dada Happiness," Fadhili aliniambia, "mama yangu kila kitu anajibu sawa, baba. Nikimwambia nyumba inaungua atasema sawa, baba. Safari hii akisema sawa, baba yangu anafukuliwa."

Shirika moja la wazee likatuazima mtambo. Taa mbili nyeusi zinatundikwa juu ukutani, zinatoa mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni, na mwanga huo ndio unaobeba sauti ya maiki. Mzee anavaa shingoni kidude chenye jicho la kioo, anaweka hedifoni masikioni, anasikia. Jicho lisipoziona taa, sauti hakuna. Jua likiingia nalo linaharibu. Siku nzima ya kuamkia mkutano Fadhili alizunguka ukumbini kiti kwa kiti na kidude shingoni, akichora chaki sakafuni kila sauti ilipokwaruza. Akaziba madirisha ya mashariki kwa maturubai, akasogeza taa, akafuta chaki yote. Nilimletea muhogo wa kuchemsha ukapoa bila kuguswa.

Asubuhi wazee walikuja mapema, wanaume wakakaa kushoto, wanawake kulia. Tukawavisha. Fadhili akazima spika za ukumbi, akanyoosha mkono ili wajue anauliza, akasema kwenye maiki, "Wazee wangu, mnasikia?"

"Tunasikia, mwanangu. Mungu akubariki."

Wote, pande zote mbili. Mimi nikaanza kupanga soda. Fadhili hakubanduka pale. Aliwajua watu wake: nani atamwambia mtoto wa mwenzake, aliyehangaika kutwa nzima, kwamba kitu chake hakifanyi kazi? Adabu haimruhusu. Akainua tena maiki, akasema kwa upole uleule, "Leo mchana tumewapikia nyoka. Mnakubali?"

Upande wa wanaume Mzee Mussa alivua hedifoni. "Nyoka kale wewe na ukoo wako," alisema.

Upande wa wanawake vichwa kumi na kimoja vilitikisika. "Tunakubali, baba. Tunashukuru." Bi Mwanakombo alishukuru mara mbili.

Nilicheka, nikauona uso wa Fadhili, nikajionea aibu. Ilikuwa imebaki robo saa afisa afike. Fadhili akakimbilia chini ya taa ya kulia na kidude chake mwenyewe, akakuta sauti safi. Akafungua betri, nzima. Hapo ndipo alipobabaika, akaifungua tena betri ileile. Kisha akawatazama wale mama, na hakuona kidude hata kimoja. Vyote vilikuwa chini ya kanga.

"Nenda wewe, dada," alisema. "Mimi siwezi kugusa kanga za mama zangu."

Bi Rukia, wa kwanza katika mstari, alinishika mkono nilipotaka kukitoa kidude. "Tumekuja kwa mambo ya makaburi, mwanangu. Nitoe mkufu nje, nionekane naringa?"

Nikampigia kelele sikioni kwamba si mkufu ni sikio, na mumewe yumo mle makaburini. Akakitoa mwenyewe. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kwa uzito, huku pikipiki ya afisa ikizimwa nje. Bi Mwanakombo alikuwa wa mwisho.

"Mama, unanisikia?" Fadhili aliuliza kwenye maiki.

"Ndiyo, baba."

Lilikuwa kama lile sawa, baba la siku zote. Fadhili alinigeukia. "Sijui," alisema. "Dada, bado sijui."

Muda wa kupima tena haukuwapo. Afisa alichukua maiki, akasoma tangazo lake lote, kisha akauliza, "Je, mnakubali makaburi yahamishwe?" na kalamu akaishika tayari. Upande wa kulia vichwa viwili vitatu vikaanza kutikisika kwa mazoea. Fadhili akafumba macho.

"Hapana," alisema Bi Mwanakombo, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wasemavyo wasioisikia sauti yao wenyewe. "Kwanza semeni mtampeleka wapi mume wangu, na nani atamsomea dua huko."

Vile vichwa vikatulia. Afisa akaiweka kalamu mezani.

Fadhili aliketi sakafuni kando ya mtambo wake, akalia mbele za watu, na safari hii sikucheka. Mama yake alimwona. Akakigusa kile kidude kifuani, juu ya kanga.

"Unalia nini, baba?" aliuliza. "Si nimesikia?"