Nusu Saa Iliyoanza Upya

Kabla ya mapigano kufika Mbale, kazi ya Sista Nambozo katika kituo kidogo cha afya karibu na viwanda ilifanana na kazi ya jikoni. Kila asubuhi alisugua mikasi na koleo kwa brashi na sabuni, akavifunga katika vitambaa, akavipanga ndani ya chungu kikubwa cha mvuke chenye mfuniko wa kukaza kwa skrubu, kisha akakiweka juu ya sigiri ya makaa. Mimi nilikuwa mwalimu, nikiishi mtaa wa Nkoma. Siku moja, nikingoja dawa ya malaria, nilimuuliza kwa nini hatazami saa.

"Bado hewa imo ndani," alijibu. "Mvuke uifukuze kwanza, nguvu ipande. Hapo ndipo nitahesabu nusu saa."

Niliona ni ukaidi wa mtu aliyezoea kazi moja.

Miezi michache baadaye lori la jeshi lilileta kituoni majeruhi wawili: askari mwenye kidonda cha siku nne kilichonuka, na mdogo wangu Mafabi, fundi wa kiwanda aliyekuwa akitoka Walukuba, Jinja, kuja kunitazama. Risasi ilikuwa imempata chini ya goti, na mguu ulikuwa umefungwa kwa mkanda kuzuia damu tangu njiani. Niliitwa, nikakuta kituo kina seti moja tu ya vyombo vya upasuaji. Askari alitangulia. Vyombo vilirudi vikiwa na usaha.

Nilimsihi Sista avifute kwa spiriti, basi.

"Mwalimu, mdudu wa kidonda kile hujifungia ndani ya ganda. Spiriti inamwogesha tu. Nikimwingizia Mafabi koleo hili, nimempa ugonjwa wa yule."

Akavisugua, akavifunga, akakaza mfuniko. Daktari aliyempasua askari alisimama kando, mikono imeoshwa, akimngoja yeye.

Nusu saa ilipokaribia kutimia, risasi zilipiga ukuta.

Tulilala sakafuni sote.

Tulipoinuka, makaa yalikuwa yamefifia na mshale wa kipimo cha mvuke kwenye mfuniko umeshuka. Sista aliongeza makaa. Afande aliyekuja na lori alitaka kazi iishe aondoke na askari wake.

"Si zimebaki dakika tano?"

"Zimebaki thelathini, afande."

"Wewe Sista, unaogopa saa kuliko bunduki?"

"Bunduki yako haiui mdudu huyu. Toa kofia, upepee."

Akapiga magoti, akapepea.

"Kaka," Mafabi aliniambia kwa sauti ndogo, "hicho chakula hakiivi?"

Nilimchukia Sista kwa muda wote mshale ulipokuwa ukipanda, na kwa dakika thelathini baada ya hapo. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sijapata kumwona tena mtu aliyeshika kazi yake kwa uaminifu kama ule, bila shahidi aliyeielewa isipokuwa daktari.

Mafabi akapasuliwa, lakini mguu haukurudiwa na uhai. Daktari aliniambia waziwazi kwamba huenda nusu saa ile ya pili ndiyo iliyoumaliza. Aliniambia pia kwamba vyombo vile, kama vilivyokuwa, vingemmaliza Mafabi mwenyewe. Nimeyapima maneno hayo mawili kwa miaka mingi, na sijaweza kulitenga moja na lingine.

Siku ya tatu mguu ulikatwa, kwa vyombo vilivyotoka katika chungu kilekile. Kidonda kilifunga bila usaha. Mafabi alirudi Walukuba kwa magongo, na yu hai.