Mskoti na Kitabu Changu cha Zamu

Mwaka 2017, mchana nililinda geti la maghorofa huko ugenini Randburg, geti zito hata tembo angeomba asaidiwe kulisukuma. Jioni nilisoma mtaa wa Fordsburg, juu ya duka la vitambaa. Kazini walitaka msimamizi mwenye cheti, na nisipofaulu jaribio la historia, mwalimu asingeniandikisha kwa mtihani wa cheti hicho.

Swali lilihusu askari wa Kiskoti aliyelinda mlango wa mfalme wa Ufaransa, enzi Wakatoliki na Waprotestanti walipokuwa wakiwindana. Kwao Uskoti, Waprotestanti walishashika nchi. Kwa nini yeye alibaki kwa mfalme Mkatoliki?

Niliandika kurasa kumi na moja, kalamu ikapata moto. Mwalimu, mama mmoja wa Bukavu aliyemwita kila mwanamume Papa, akaziweka mbele yangu.

"Papa, umeniandikia balozi aliingia, padri alitoka, mjumbe alirudishwa sababu hana barua. Hata farasi umewahesabu."

"Ndiyo kazi ya mlangoni, Mama."

"Mimi niliuliza juu ya nini alibakia. Ile haiko."

"Amesahau namba za gari tu," akasema kinyozi niliyekaa naye dawati moja. Darasa likacheka.

Kosa lilikuwa la kazi. Kitabu cha zamu kilinifunza miaka sita: andika ulichoona, mawazo baki nayo mwenyewe.

"Basi nijibu kwa mdomo," mwalimu akasema. "Ukishindwa, tutaonana mwaka ujao."

Nikamfikiria yule Mskoti amesimama wima, nyuma yake watu wanapanga njama kwa lugha isiyo ya mama yake, naye anajifanya haelewi. Mimi pia nimesikia mengi getini, likiwemo la kwamba sisi wageni turudi kwetu. Eish, kurudi. Wiki ile mdogo wangu alinipigia kutoka Tanga, akanieleza kwamba chumba changu sasa wanafugia kuku. Hakusema kwa ubaya.

"Alibaki," nikasema, "kwa sababu kwao walishazoea kuishi bila yeye. Pale mlangoni, siku asipofika, mtu angemuulizia."

Kinyozi aliangalia viatu vyake.

"Sasa hiyo mbona hukuandika?" mwalimu akauliza.

"Sikuiona kwa macho, Mama."

Akanisukumia kalamu yake nyekundu. Nikaandika mistari miwili chini ya ukurasa wa kumi na moja na, kwa mazoea, nikaweka saa na sahihi. Akafungua daftari lake, akaniandikisha.