Ukurasa Niliouruka

Juzi, sokoni Tulia, niliona riwaya aliyoiandika mama ikiuzwa juu ya gunia, katikati ya vitabu vikuukuu, nikasikia tena harufu ya mbaazi mbichi.

Alasiri moja utotoni mwangu Susu, nyanya yangu, alikuwa akibambua mbaazi. Hakujua kusoma, kwa hivyo alitaka nimsomee kitabu hicho. Mama alikuwa jikoni akikata sukuma wiki.

"Soma polepole, hukimbizwi na fisi," Susu alisema.

Nilifika mahali ambapo mwanamke anamfukuza dada yake aliyekuja kuomba mahindi wakati wa njaa. Katika mwanamke huyo nilimtambua Susu, kwa meno yake yaliyochongwa, nikauruka ukurasa. Niliamini kwamba asiyejua kusoma hawezi kujua kilichoandikwa.

"Mwende, umeruka. Rudi nyuma."

Kisu cha mama kikanyamaza. Niliurudia ukurasa kwa sauti ya chini, maana tuliishi kwa Susu na niliogopa atatufukuza sisi pia. Mbaazi ziliacha kudondoka kwenye ungo. Sikujua bado kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemsimulia mama kisa hicho.

"Mwambie mama yako amekosea," alisema mwishowe. "Dada yangu alikuja na watoto wawili. Yeye ameandika mmoja."