Firigisi Moja, Wageni Watatu

Ploti yetu ya vyumba vya kupanga, huko Gatongora, haikuwa na bomba. Sisi wanawake, wengi wetu kutoka Kakamega na Vihiga, tulikuwa tukibeba mitungi kutoka ng'ambo ya barabara, na mwenye ploti akiulizwa anajibu, "Maji itakuja, mama. Ngojeni tu kidogo." Ningengoja hadi mgongo uvunjike. Nilikuwa nimemchoka.

Basi meya wa mji mmoja wa Ulaya, uliofunga urafiki na mji wetu, akaja na watu wa kamera kuona tunavyoishi sisi tuliohamia huku. Ofisa wa kaunti akachagua ploti yetu, akamwalika na mwenye ploti. Akanionya, "Mama, chakula ni sawa. Lakini leo hakuna kulalamika." Nikaapa sitasema neno. Nikachinja jogoo.

Kwetu firigisi haipewi mtu ovyo. Ni ya baba wa boma, isipokuwa aje mgeni mkubwa kumliko. Na kuku, hata achinjiwe meya, ana firigisi moja tu.

Nikamwekea meya. Akaitazama, akatabasamu, akasema yeye hali nyama. Ulaya yote, wakatuchagulia huyo! Akamsukumia ofisa. Ofisa naye, kwa adabu zake za ofisini, akasema hawezi kula kabla ya mwenyeji, akamsukumia mwenye ploti. Mwenye ploti, Mkikuyu asiyejua mambo yetu, akaitupa mdomoni kama karanga.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mume wangu, aliyekuwa akiifuata ile firigisi kwa macho tangu ikiwa sufuriani, akainuka kwa huzuni, akampa mkono. "Karibu, baba wa hii boma. Sasa watoto wako wanaomba maji."

"Ngai! Si nimekula tu kanyama!" akasema, mdomo umejaa.

Ofisa alitamani kunyamaza, lakini meya alishauliza kuna nini. Alipoelezwa akapiga makofi, akamuuliza baba huyo mpya maji yanakuja lini. Kamera zote zikageuka. Firigisi ni ngumu, alitafuna kwelikweli.

"Wiki ijayo," akasema.

Na yakaja. Nilipofungua bomba nililia, sioni haya kusema. Jumapili hiyo mwenye ploti akafika saa ya chakula, akaketi kwenye kiti cha mume wangu, akauliza kuku yuko wapi. Nikamchinjia kwa furaha. Mume wangu siku hizi anakula shingo.